Binti yangu ameacha kulala usiku, nimsikilize nani?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu katika shule ya msingi ya binafsi hapa Tanga, nina umri wa miaka 29, na nimejaliwa mtoto wa kwanza, binti ambaye sasa ana miezi minne na wiki kadhaa. Alizaliwa siku zake zikiwa zimetimia, akiwa na kilo 3.1, na kliniki ya mwisho alipimwa akawa na kilo 6.3. Anacheka, anashika vitu, anageuza kichwa akisikia sauti ya baba yake, na chanjo zake zote amepata. Ninaanza na hayo ili usidhani ninamlalamikia mtoto, kwa maana nilimsubiri kwa hamu na ninampenda. Kinachonitesa ni usiku.

Hadi alipokaribia miezi mitatu tulikuwa tumezoeana. Akinyonya saa tatu usiku alilala mpaka saa nane, akanyonya tena, akalala hadi alfajiri. Kisha likizo yangu ya uzazi ikaisha, nikarudi shuleni, na haukupita muda mrefu usingizi wake ukavurugika. Siku hizi anaamka kila baada ya saa moja na nusu au mbili, ananyonya kwa nguvu hadi anashiba, anasinzia, kisha anaamka tena. Kuna siku ikifika saa tisa usiku anafumbua macho na kutaka kucheza, nami ninatakiwa kuwa nimeshavaa na kutoka nyumbani kabla ya saa moja asubuhi.

Mchana anabaki na mama mkwe wangu, ambaye amekuja kutoka Lushoto kunisaidia. Kila asubuhi ninakamua maziwa na kuyaacha kwenye jokofu. Mama anasema mtoto hakipendi kikombe, anapiga funda chache kisha anageuza uso, lakini hamsumbui, kwa kuwa mchana analala sana. Mama ni mtu mwema na ninamheshimu, amelea watoto sita. Hata hivyo ameshashikilia kwamba maziwa yangu ni mepesi na mtoto ana njaa, na kila jioni ananiuliza ni lini nitamruhusu amkorogee uji mwepesi wa mahindi, kwa sababu watoto wake wote walianza uji wakiwa na miezi mitatu na walilala usiku kucha. Kliniki niliambiwa nisimpe kitu chochote zaidi ya maziwa mpaka afikishe miezi sita. Ninaogopa kumjibu hivyo, asije akaona mke wa mwanawe anamfundisha kulea.

Mdogo wangu anayeishi Toronto, Kanada, naye ana lake. Anasema nimemdekeza mtoto kwa kumlaza kwenye ziwa, kwamba nimlaze peke yake, nizime taa, nifunge mlango, nimwache alie mpaka alale, na kwamba baada ya usiku chache atakuwa amejifunza. Nilijaribu. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, mama akainuka akaenda kumchukua huku machozi yanamtoka, na kesho yake hatukusemezana hadi jioni.

Mume wangu anafanya kazi bandarini na anahitaji kuwa macho, kwa hiyo amehamia sebuleni. Anasema hana maziwa, atasaidia nini? Mwenzake kazini alimshauri anunue dawa ya maji ya mafua, ile inayoleta usingizi, na muuzaji wa duka la dawa akampa bila kumuuliza mtoto ana umri gani. Sijampa. Lakini juzi usiku niliishika ile chupa mkononi kwa muda mrefu.

Mimi na mtoto tunalala kitanda kimoja, godoro la sponji, ndani ya chandarua. Usiku mwingine huwa ninakaa naye kwenye kochi ninyonyeshe, na nimeshtuka zaidi ya mara moja nikajikuta nilikuwa nimelala naye kifuani. Darasani ninapotewa na maneno. Wiki iliyopita nilimfokea mwanafunzi kwa kosa dogo hadi darasa zima likanyamaza. Jua likianza kuzama moyo wangu unaingia hofu, na kuna usiku nimemkasirikia mtoto wangu mwenyewe, kisha nikalia kwa kujiona mama mbaya.

Ninaomba unisaidie kuelewa. Je, mtoto wangu anaumwa? Ni kweli maziwa yangu hayamtoshi? Nimfuate mama mkwe au mdogo wangu? Na nitamwambiaje mama bila kumvunjia heshima?

Mama wa Binti, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya lolote naomba nikueleze nilivyoielewa, ili nikikosea unisahihishe. Una mtoto anayekua vizuri, ambaye usingizi wake wa usiku ulibadilika karibu na wakati uliporudi kazini. Una watu watatu wanaokujali, na kila mmoja ameshalipa tatizo jina lake: mama mkwe anasema ni njaa, mdogo wako anasema ni kudekezwa, mume wako anaona dawa ya maji ingemaliza kazi. Wewe nawe unaogopa kwamba huenda ni ugonjwa. Katika maelezo yote manne, kasoro iko kwa mtoto. Ningependa tuanzie hapo, kwa sababu kwa niliyoyasoma sina hakika kwamba mtoto wako ana kasoro yoyote.

Mtoto aliyepanda kutoka kilo 3.1 hadi 6.3, yaani uzito wake wa kuzaliwa mara mbili, kabla hata ya kufikisha miezi mitano, hawezi kuwa amefanya hivyo kwa maziwa yasiyotosha. Ukiitazama kadi yake ya kliniki utaona mstari wa ukuaji unavyopanda, na ni vyema uutazame pamoja na mama, maana kadi hiyo ni ushahidi usioegemea kwako wala kwake. Dalili ambazo zingenifanya nikwambie uende hospitali bila kusubiri ni homa, kupumua kwa haraka au kwa shida, kukataa ziwa lenyewe na si kikombe tu, kukojoa kidogo kuliko kawaida, kulegea, utosi kuvimba au kubonyea, au kilio kisichofanana na kilio chake cha kila siku. Hakuna hata moja kati ya hizo uliyoitaja.

Sasa kuhusu usingizi wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji kulala saa 12 hadi 16 katika mchana na usiku vikijumlishwa. Uone jinsi nafasi hiyo ilivyo pana, na uone kwamba haisemi usingizi huo uje kwa mkupuo mmoja wala uje usiku peke yake. Usingizi wa mtoto mdogo huenda kwa mizunguko mifupi ya karibu saa moja, na mwisho wa kila mzunguko mtoto huja juu, katika usingizi wa mang'amung'amu, akakaribia kuamka au akaamka kabisa. Alipokuwa mchanga, sehemu kubwa ya usingizi wake ilikuwa ile ya kuchezacheza macho na kutabasamu bila sababu. Kati ya mwezi wa tatu na wa nne, ubongo unaanza kuupanga usingizi upya, unagawanyika katika hatua zinazokaribia za mtu mzima, na katika mabadiliko hayo watoto wengi waliokuwa wakilala vizuri huanza kuamka mara kwa mara. Kwa hiyo miezi ile ya mwanzo hukuiharibu kwa kumnyonyesha hadi asinzie. Mwili wake umekua na kuingia hatua nyingine, na hatua hiyo ina kelele.

Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya watoto 388. Walipofikisha miezi 6, watoto 38 katika kila 100 walikuwa bado hawajalala saa 6 mfululizo usiku, na waliokuwa hawajafikisha saa 8 mfululizo walikuwa zaidi ya nusu. Watafiti walipotazama maendeleo ya akili na ya viungo, hawakuona kwamba walioamka walikuwa nyuma ya wenzao. Nakutajia hili kwa sababu mdogo wako anaishi huko, na huenda anaamini, kwa nia njema, kwamba watoto wote wanaomzunguka wanalala usiku kucha.

Hapa kwetu Afrika Mashariki pia kuna watu waliochunguza. Miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, wakafuatilia namna watoto wanavyolala. Watoto wa Marekani waliolinganishwa nao, wakiwa na miezi minne, walikuwa wakilala karibu saa 8 bila kuamka, lakini wale wa Kokwet, ambao usiku walilala ubavuni mwa mama na mchana walibebwa, waliendelea kuamka na kunyonya hata walipofikisha miezi minane. Jambo linalonigusa katika habari hiyo ni kwamba kuamka huko hakukuhesabiwa kuwa tatizo, kwa sababu mama hakutakiwa kuamka alfajiri akasimame mbele ya darasa, na mchana kulikuwa na mikono mingine ya kumpokea mtoto. Wewe una mtoto mwenye usingizi wa Kokwet na ratiba ya mwajiriwa. Uzito unaoubeba unatoka katika kukutana kwa mambo hayo mawili.

Nirudi kwenye sentensi uliyoiandika kwa kupita tu, nayo kwangu ndiyo iliyobeba mengi. Mtoto hakipendi kikombe, anapiga funda chache, kisha analala sana mchana. Kuna watoto ambao, mama akiwa hayupo, hunywa kidogo tu cha kuwashikilia, wakalala ili kumsubiri, kisha usiku wakadai yote waliyoyakosa. Haiwezekani nikathibitisha nikiwa mbali kwamba ndivyo ilivyo kwa binti yako, lakini namna anavyonyonya usiku kwa nguvu hadi kushiba, na wakati mambo yalipobadilika, vinanifanya nilifikirie kwa uzito. Ikiwa ndivyo, basi mama mkwe hajakosea kabisa anaposema mtoto ana njaa. Amekosea mahali pa kutafuta sababu. Maziwa hayana wepesi wowote. Homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi usiku, na ndiyo maana yanatoka vizuri saa hizo. Kinachopungua ni kiasi anachokipata mchana.

Njia ya kulipima hilo haina gharama kubwa. Mnaweza kwa siku kadhaa kuandika anakunywa kiasi gani mchana na anaamka mara ngapi usiku, kisha mkajaribu kuongeza cha mchana. Wapo watoto wanaokubali kikombe kutoka kwa mtu aliyejifunga khanga ya mama yao, wapo wanaoyakataa maziwa ya baridi lakini wakayapokea yakipashwa katika bakuli la maji ya moto, na wapo wanaokubali wakipewa kabla njaa haijawazidi. Kwa joto la Tanga maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje kwa muda mrefu, ila katika jokofu hukaa hadi siku 4. Mama anaweza pia kumwamsha taratibu mtoto aliyelala muda mrefu sana mchana, akampeleka barazani kwenye mwanga na sauti za watu, ili mwili wake ujifunze kutofautisha mchana na usiku, na usiku wewe ukamnyonyesha kwenye mwanga hafifu bila mazungumzo wala michezo.

Tena kuna haki ambayo walimu wengi wa shule za binafsi hawaijui au wanaona haya kuidai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile ile iliyokupa siku 84 za likizo, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Hukunieleza shule iko mbali kiasi gani na nyumbani. Ikiwa ni karibu, unaweza kurudi wakati wa mapumziko, au mama akakuletea mtoto kwa bajaji. Ikiwa ni mbali, saa hizo zinaweza kutumika kukamua au kutoka mapema. Najua kuomba ni kugumu mahali ambapo mkuu wa shule anaweza kukuona mzembe, na hilo wewe ndiye unayejua namna ya kulipima. Ninachosema ni kwamba usingekuwa unaomba hisani.

Tuje kwenye uji. Ushauri wa kliniki wa maziwa peke yake hadi miezi sita ndio wa Shirika la Afya Duniani na wa Wizara ya Afya yetu, na sababu zake ni za msingi: uji mwepesi una nguvu ndogo kuliko maziwa unayoyasukuma nje ya tumbo, na maji na vyombo vinaweza kumletea mtoto kuhara. Lakini sitaki kukuambia kwamba wanaodai chakula huleta usingizi wamebuni. Utafiti mmoja wa Uingereza na Wales uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha watoto 1,303, uliona kwamba walioanzishiwa chakula mapema, sambamba na ziwa, walilala zaidi kidogo. Tofauti ilipokuwa kubwa kabisa, walipofikisha miezi 6, ilikuwa dakika zipatazo 17 kwa usiku. Ukizipima dakika hizo dhidi ya hatari ya kuhara katika umri huu, utajua mwenyewe zina thamani gani kwenu, na kumbuka kwamba miezi sita haiko mbali.

Ningekuwa mimi, kabla ya kumjibu mama ningemuuliza maswali. Alipokuwa na watoto wake sita huko Lushoto, mchana walikuwa wapi? Nina wazo kwamba walikuwa mgongoni mwake shambani, wakishuka kunyonya kila walipotaka, na usiku walilala kifuani pake. Huenda kilichowalaza ni ziwa la mchana kutwa, na uji ukapewa sifa hiyo. Mkizungumza hivyo hutakuwa unamfundisha kulea, utakuwa unamwomba akumbuke alivyolea. Kisha umwombe kazi ambayo yeye ndiye anayeiweza kuliko mtu yeyote nyumbani humo, nayo ni kumzoesha mjukuu wake kikombe. Mkienda kliniki, nenda naye, ili yale ya muuguzi ayasikie kwa masikio yake badala ya kuyapokea kutoka kinywani mwa mkwe. Akiendelea kukataa, mume wako ndiye anayefaa kusema na mama yake.

Kuhusu njia ya mdogo wako, kuna mambo ya kutenganisha. Watafiti wa Australia waliwafuatilia watoto 326 waliokuwa na shida ya usingizi, ambao baadhi ya wazazi wao walifundishwa namna za taratibu: kumwacha mtoto dakika chache na kurudi kumtuliza, au mzazi kukaa karibu ya kitanda na kusogea mbali kidogo kidogo kila usiku. Mama waliofundishwa walipungukiwa na sonona katika miaka ya mwanzo, na watoto walipofikisha miaka sita hakukuonekana madhara wala faida ya kudumu. Lakini watoto hao walikuwa na miezi saba au zaidi njia hizo zilipoanza. Wako hajafika huko, anahitaji maziwa ya usiku hasa ikiwa ya mchana hayamtoshi, na kufunga mlango mkamwacha alie mpaka sauti ikauke si jambo lililopimwa katika utafiti huo. Ukifika mwezi wa saba au wa nane ukaona bado unahitaji msaada, unaweza kulifikiria upya, mradi watu wote wa nyumba moja mwe mmekubaliana, kwa sababu mliyoyapitia usiku ule na mama yatajirudia ikiwa mmoja hataki. Jambo dogo unaloweza kujaribu hata sasa ni kumlaza mara moja moja akiwa amesinzia lakini hajazama kabisa usingizini, kisha ukaweka mkono kifuani pake. Asipokubali, mchukue. Hapotezi chochote.

Mambo mawili nitayasema bila kuzunguka. La kwanza ni ile chupa. Dawa za mafua zenye kuleta usingizi hazipewi mtoto wa umri huu ili alale, kwa sababu zinaweza kupunguza upumuaji wake na kumnyima uwezo wa kuamka, na kuamka ni mojawapo ya njia ambazo mwili wa mtoto mdogo hujilinda nazo pumzi inapopungua. Naomba itoke nyumbani leo, maana uchovu ukizidi mkono hufanya ambalo moyo hautaki. La pili ni kochi. Kusinzia na mtoto kwenye kochi kuna hatari kubwa kuliko kulala naye kitandani, kwani anaweza kuteleza kati ya mito na mwili wako akakosa hewa. Ukihisi macho yanafumba, ni afadhali ulale naye kitandani palipoandaliwa.

Kuhusu kitanda kimoja, wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto alale chumba kimoja na mama lakini mahali pake mwenyewe, ilhali Uingereza huwaeleza mama namna ya kupunguza hatari, wakijua kwamba wengi watalala na watoto wao hata wakikatazwa. Hatari hupanda sana mzazi anapovuta sigara, anapokunywa pombe au dawa za usingizi, na mtoto anapokuwa alizaliwa njiti au na uzito mdogo. Kwenu hayo hayapo, kwa ulivyonieleza, isipokuwa uchovu wako ambao nao ni wa kuangaliwa. Godoro la sponji likiwa limebonyea katikati, libadilishwe au ligeuzwe. Mtoto alale chali kila mara. Tangu Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 zilipoanza kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mito na mablanketi mazito yawe mbali naye, kusiwe na nafasi kati ya godoro na ukuta, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro kisije kikamwangukia usoni. Mkiweza kupata kitanda chake kidogo cha kuweka ubavuni mwa chenu, ndani ya chandarua kile kile, utampata karibu bila kulala juu ya godoro moja.

Sasa mume wako. Amesema hana maziwa, nami naamini anasema alivyoona tangu utoto wake. Lakini si kila saa ya mtoto ni ya maziwa. Akirudi jioni, umnyonyeshe, kisha yeye amchukue, amcheulishe, ambadilishe nepi, atembee naye uani, nawe uingie kulala saa hiyo hiyo hadi atakapohitaji ziwa tena. Au, kwa siku ambazo hana zamu ya asubuhi, amchukue kuanzia alfajiri. Saa tatu za usingizi usiokatika kila siku zinaweza kubadilisha mengi. Kuna uwezekano wa yeye kukataa, au kukubali na kuacha baada ya siku chache, na kuna uwezekano wa mama mkwe kuona aibu mwanawe akishika nepi. Huenda ukalazimika kulisema zaidi ya mara moja. Anza kwa kumweleza uliyonieleza kuhusu kochi na kuhusu chupa, maana sidhani kwamba anajua mambo yamefika hapo.

Umeandika kwamba jua likizama hofu inakuingia, kwamba umemkasirikia mtoto, kwamba unajiona mama mbaya. Mwanangu, mama wengi waliokosa usingizi kwa wiki nyingi wamehisi hivyo na hawakuthubutu kuandika. Hasira ikipanda usiku, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje ya chumba, umwache alie dakika chache wakati unapumua au unamwamsha mumeo. Usimtikise kamwe, hata kidogo. Kulia huko kwa dakika chache hakutamdhuru.

Hata hivyo sitaki yote tuyaite uchovu. Ikiwa huzuni au hofu hiyo inakuandama siku nyingi, ikiwa hupati usingizi hata mtoto anapolala na mtu mwingine anamwangalia, ikiwa chakula hakishuki au huoni furaha kwa jambo lolote, huenda ni sonona ya baada ya kujifungua, nayo inatibika. Kuna dodoso la maswali 10, lililoandaliwa Edinburgh mwaka 1987 na ambalo limeshatafsiriwa kwa Kiswahili, linalomsaidia mhudumu wa afya kuitambua. Mtakapokwenda kliniki na mama, baada ya mtoto kupimwa uzito, mwambie muuguzi kwamba wewe pia una yako ya kueleza, na umsimulie aya ile ya kochi na kuzama kwa jua kama ulivyonisimulia mimi. Na likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, hata kwa kupita, usisubiri tarehe ya kadi. Mwamshe mumeo saa hiyo hiyo mwende hospitali.